Umefuta Faili, Mbona Diski Bado Imejaa?

Swali hili naulizwa sana na vijana ninaofanya nao kazi. Mtu amefuta video kubwa kwenye mradi, amekomiti (yaani ameweka toleo jipya kwenye Git, programu ya kutunza matoleo ya mradi), lakini folda ya .git, inamohifadhiwa historia hiyo, haijapungua hata kidogo. Git haijakosea. Kazi yake ni kutunza kila toleo ulilowahi kukomiti, na la jana bado lina video hiyo.

Kilichomo ndani ya kila faili hubanwa kwa zlib (maktaba ya kubana data), hupewa jina kwa hesabu ya SHA-1 inayotokana na kilichomo, kisha huwekwa .git/objects. Faili mbili zinazofanana kabisa huhifadhiwa mara moja tu, hata zikiitwa majina tofauti. Ukibadilisha herufi moja, huandikwa nakala nzima mpya. Baadaye Git hukusanya nakala hizo kwenye pakiti, na humo toleo huweza kuandikwa kama tofauti tu na jingine linalokaribiana nalo. Kwa maandishi ya programu, nafasi inayookolewa ni kubwa mno. Kwa video na picha, ambazo tayari zimebanwa, nafuu ni ndogo.

Kwa hiyo pima kwanza: `git count-objects -vH`. Kama vitu vilivyotawanyika, yaani nakala ambazo bado hazijaingia kwenye pakiti, ni vingi, endesha `git gc`, amri ya kusafisha na kupakia. Git huifanya yenyewe vikifika takriban 6,700, ila si vibaya kuitangulia.

Nawasihi msizoee kuiongezea `--prune=now`, inayofuta papo hapo. Kwa kawaida kisichorejelewa na chochote huachwa wiki 2 kabla ya kufutwa, na reflog, kumbukumbu ya mahali matawi yako yalipokuwa, hushikilia komiti zilizoachwa kwa siku 30. Nimeona kazi ya watu ikirudi kwa sababu ya muda huo, baada ya tawi (mkondo wa komiti) kufutwa kwa haraka. Wala msiingie .git/objects kufuta kwa mkono; kitu kimoja kikikosekana, komiti zote zinazokitegemea huharibika.

Kama pakiti ndiyo nzito, tatizo liko kwenye historia. `git filter-repo`, zana ya kuandika historia upya, itaitoa video, lakini utambulisho wa komiti zote kuanzia ilipoingia utabadilika, na timu nzima italazimika kunakili mradi upya. Kubalianeni kabla hamjaanza. Miradi mipya iwe na .gitignore, orodha ya faili ambazo Git izipuuze, tangu siku ya kwanza, na faili kubwa ziende Git LFS, nyongeza inayozihifadhi nje ya historia ya kawaida.

Na anayehitaji toleo la mwisho tu atumie `git clone --depth 1`. Ataokoa diski na bando pia.