Ukitaka kubadili modeli ya ndege ya kivita, anza na ndege iliyobadilishwa kweli

Mtu anayetaka kwa mara ya kwanza kujenga modeli ya ndege ya kivita tofauti na ilivyochorwa kwenye boksi, ushauri wangu kwake ni huu: chagua ndege ambayo mainjinia wenyewe waliikata na kuiunga upya. Ndege ya kubuni kichwani inavutia, lakini ukikwama huna pa kuuliza. Bawa likae wapi? Liinuke kiasi gani? Ndege iliyoruka kweli ina majibu, na mengi yamo kwenye picha zake.

Ninayoipenda kuliko zote kwa kazi hii ni F-15 yenye namba 71-0290. Ni miongoni mwa F-15 za kwanza za viti viwili, zilizotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, na baadaye ikageuzwa ndege ya majaribio. Jeshi la anga la Marekani lilitaka kujua kama ndege ya kivita inaweza kuruka na kutua kwenye kipande kifupi tu cha njia iliyoharibiwa kwa mabomu. McDonnell Douglas, watengenezaji wake, wakaifunga mabawa mawili madogo mbele ya mabawa makubwa, na hawakuyabuni upya: walichukua mabawa ya mkia ya F/A-18, ndege nyingine ya kivita, wakayarekebisha, wakayafunga. Ikaruka nayo kwa mara ya kwanza Septemba 1988. Miaka michache baadaye ikahamia NASA, shirika la anga za juu la Marekani, ikapewa namba 837, ikaendelea na majaribio hadi 2009.

Kwa mjenzi wa modeli hiyo ni bahati kubwa. Unahitaji seti (boksi la vipande vya plastiki vya kuunganisha) ya F-15 ya viti viwili na seti ya F/A-18 ya skeli ileile, yaani uwiano uleule wa modeli kwa ndege halisi, kisha unarudia mezani kile kilichofanyika karakanani. Skeli ileile ni sharti, kwa sababu bawa la 1/48 kwenye ndege ya 1/72 linakuwa kubwa mara moja na nusu. Seti ya F/A-18 inaweza kuwa ya zamani na ya bei nafuu. Unachotaka humo ni mabawa ya mkia tu, na uso wake utausugua upya hata hivyo.

Kabla ya kushika msumeno, amua mwaka. Mwaka 1988 ndege hii ilikuwa na mabawa ya mbele lakini nozeli za injini, yaani midomo ya nyuma inapotokea moto, zilikuwa za mviringo, za kawaida. Mwaka 1989 ilipata nozeli za mstatili zilizoelekeza moto juu na chini. Ikiwa NASA katikati ya miaka ya 1990, kwenye mradi ulioitwa ACTIVE, ilirudi kwenye nozeli za mviringo, ila hizi ziliweza kupinda hadi nyuzi 20 upande wowote. Ndege ni moja, modeli ni tatu. Ukichanganya picha za miaka tofauti utapata ndege ambayo haikuwahi kuwepo siku yoyote, na anayeijua ataona mara moja. Kwa anayeanza napendekeza ya 1988 au ya NASA. Nozeli za mstatili ni kazi nzuri sana, lakini zinakudai ujenge masanduku kwa karatasi za plastiki na kulainisha mahali ambapo mwili wa mviringo unageuka kuwa wa pembe nne. Hiyo iache mpaka mkono uzoee.

NASA wameweka hadharani picha nyingi za 837. Tafuta ya mbele, ya ubavu, ya juu na ya nyuma, na upendelee zilizopigwa kwa mbali, maana picha ya karibu inavuta pua na kufupisha mkia. F-15 ina upana wa mita 13.05 kutoka ncha ya bawa hadi ncha, yaani sentimita 18.1 kwenye 1/72 na 27.2 kwenye 1/48. Chapisha picha ya juu ikiwa na upana huo, kisha ilaze modeli juu yake. Maswali mengi ya nafasi ya mabawa ya mbele yanaisha hapo.

Sasa mabawa yenyewe, na hapa usiwe na haraka. Mabawa haya ya mbele yalikuwa yanazunguka yote mazima kwenye ekseli, hayakuganda kwenye mwili. Kwa hiyo usiyaunge kwa puti kana kwamba ni sehemu ya ubavu. Ule mwanya mwembamba kati ya bawa na mwili ni halali, tena ukiuziba unaharibu ukweli wa ndege. Kinachotakiwa ni ekseli imara. Kata ule mguu mnene uliokuja na bawa la F/A-18, nyoosha shina lake kwa tupa, kisha toboa kwa keekee ya mkono tundu la milimita 0.5 kwa 1/72, au 0.8 kwa 1/48. Anza kwa kuchoma alama kwa sindano. Zungusha pole pole, na kila mizunguko michache litazame bawa kwa juu na kwa ubavu, kwa sababu plastiki ni nyembamba na keekee ikipinda kidogo tu itatokea usoni. Ingiza waya wa shaba, uache milimita tano au sita zikiwa nje.

Upande wa mwili, gundisha kipande cha plastiki cha milimita mbili kwa ndani, pale waya utakapopita, na ufanye hivyo kabla ya kufunga nusu mbili za mwili. Plastiki ya seti peke yake ni nyembamba mno kushika pembe: waya utacheza, na baada ya mwezi bawa moja litakuwa limelala. Nalisisitiza hili kuliko jambo lolote kwenye makala hii, kwani ukishafunga mwili huna njia ya kurudi ndani bila kuupasua.

Mabawa haya yanainuka kuelekea nchani. Pima mwinuko huo kwenye picha ya mbele, ukate kadi ngumu yenye pembe hiyo. Tumia kadi hiyohiyo moja kwa pande zote mbili, ukiigeuza. Ukikata kadi mbili, hata kwa uangalifu, zitatofautiana, na jicho la binadamu ni kali sana kwa vitu vinavyotakiwa kulingana. Ukiridhika, yachomoe mabawa uyaweke pembeni. Yatapakwa rangi peke yake.

Kuna imani kwamba mapengo na mikwaruzo itafunikwa na rangi. Rangi haifunikii mtu, na ndege hii ni nyeupe yenye mng'ao, rangi inayofichua kila kitu. Kwenye mishono ya mwili na ya viingizio vya hewa natumia supagluu badala ya puti kwa mapengo membamba, lakini lazima isuguliwe ndani ya saa moja hivi. Ikilala hadi kesho inakuwa ngumu kuliko plastiki, msasa unakula pembeni na kuacha kinundu katikati. Puti ya tyubu iache usiku kucha, kwa kuwa husinyaa inapokauka. Sugua kwa maji: msasa 400, 600, halafu 1000. Maji yanazuia vumbi lisipae, na hata hivyo vaa barakoa. Mistari ya mabati, yaani ile inayoonyesha maungio ya mabati ya mwili, ikifutika ichore upya kwa sindano ngumu ukiongozwa na teipu nene, mara nyingi kwa mkono mwepesi, si mara moja kwa nguvu.

Praima ya kijivu, yaani rangi ya kwanza ya chini, ndiyo mkaguzi. Ipulize, kisha shika modeli chini ya taa ya pembeni na uzungushe. Utaona mshono uliodhani umekwisha. Rekebisha, pulizia tena, angalia tena. Usihamie kwenye nyeupe kwa sababu umechoka.

Nyeupe hupenda kukimbia kona na kukusanyika mashimoni. Ichanganye na thina mpaka iwe nyepesi kama maziwa, kompresa ya kupulizia rangi iwe kwenye pauni 15 hivi kwa inchi ya mraba, na upite mara nyingi kwa utando mwembamba ukiacha kila utando ukauke. Utando wa kwanza utaonekana na madoa ya kijivu, uache hivyo. Ikishakauka siku nzima, ziba kwa teipu upake sehemu zake nyekundu, kisha za buluu. Mpangilio huo una sababu: nyekundu inang'aa ikiwa na nyeupe chini yake, na inafifia ikikaa juu ya kijivu au buluu. Kabla ya kupuliza nyekundu, puliza nyeupe kidogo ukingoni mwa teipu. Kitakachopenya chini ya teipu kitakuwa nyeupe juu ya nyeupe, na mstari utatoka mkali.

Eneo la nyuma linalozunguka injini ni chuma kitupu, hasa titani, kwa ajili ya joto. Lifanye mwisho, kwa sababu rangi za chuma hazipendi teipu. Anza na nyeusi ya kung'aa, ikauke vizuri, halafu vumbi jepesi la rangi ya chuma. Badilisha toni kutoka bati moja hadi jingine, kidogo tu.

Stika za maji ziwekwe juu ya vanishi inayong'aa. Kwenye uso usiong'aa hewa hunaswa chini yake na kuacha weupe wa fedha. Kuhusu uchafu, jizuie. Wengi wakisikia ndege ya kivita wanakimbilia moshi na mikwaruzo, lakini hii ilikuwa ndege ya maabara, iliyotunzwa na kupigwa picha kila mara. Kijivu chepesi kwenye mistari ya mabati kinatosha. Nyeusi itaifanya ionekane imechorwa kwa kalamu.

Ndipo unarudi kwa mabawa ya mbele. Yafunge kwa tone la epoksi kwenye waya, si kwa gundi ya kuyeyusha plastiki, ambayo itaunguza rangi uliyohangaikia. Epoksi ya dakika tano inakupa muda wa kulizungusha kila bawa hadi lifanane na picha yako, kadi ikiwa chini yake. Kisha iache ndege hapo hapo mpaka kesho.