Jibu: Jengo la Revit kupotea kwenye ramani ya viwanja

Ndugu, umeuliza kwa nini jengo ulilochora kwenye Revit (programu ya kuchora majengo) halionekani juu ya ramani ya viwanja vya Dar ukilifungua kwenye QGIS (programu ya ramani). Revit inachora kuanzia sifuri, ramani inatumia koodineti za UTM (mfumo wa ramani unaopima mahali kwa mita), kanda 37 Kusini, hivyo jengo linaangukia mbali na viwanja. Usilisogeze jengo lenyewe, likienda mbali na sifuri mistari huanza kuharibika. Chukua koodineti za bikoni moja (alama ya mpaka wa kiwanja), ziweke kwenye nukta ya upimaji ya Revit (Survey Point), kisha sawazisha kaskazini kwa bikoni ya pili.

Halafu kagua datamu (msingi ambao koodineti hupimwa kutoka kwake), tafadhali. Ukichanganya datamu ya zamani, Arc 1960, na ile ya GPS, WGS 84, nyumba inahama kama mita 300. Niliwahi kukuta sebule ya mteja imekaa katikati ya barabara!