Barua kwa mwanangu: Kivuli ulichokifukuza mezani

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, pamoja na zile picha tatu. Tangu jana zimekaa mbele yangu, nazitazama, naziacha, nazirudia. Umeniuliza: "Mama, vitu nimevipanga vizuri, kamera ni nzima, picha haijatikisika, mbona vinaonekana kama vimebandikwa kwenye karatasi? Ninunue lenzi nyingine?"

Lenzi usinunue. Uliyonayo itakutosha kwa miaka mingi. Kinachokosekana kwenye picha zako ni kivuli, na wewe mwenyewe ndiye uliyekifukuza.

Chukua ile ya jagi la udongo na mapeasi mawili. Naona taa ya darini inawaka, taa mbili za mezani zinatazamana kushoto na kulia, na juu ya hayo umepiga kwa flashi ya kamera. Ulitaka kila kitu kionekane, naelewa. Lakini jicho linajua jagi ni mviringo kwa sababu upande mmoja umepata mwanga, na mwanga huo unafifia kidogo kidogo ukizunguka tumbo la jagi mpaka unamezwa na giza upande wa pili. Ukimulika pande zote sawa, ule mfifio unapotea, na jagi linabaki kama umbo lililokatwa kwa mkasi. Halafu kuna kivuli kinacholala mezani. Hicho ndicho kinachotuonyesha kwamba jagi limekaa na lina uzito wake. Katika picha yako jagi linaelea.

Basi zima taa zote, kuanzia ile ya darini. Hiyo ina kosa la pili: balbu nyingi za nyumbani hutoa mwanga wa njano wa kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 2700 hadi 3000, na mwanga wa mchana unaoingia dirishani uko karibu na kelvini 5500. Kamera inaweza kurekebisha rangi ya mmoja tu. Ndiyo maana peasi lako lina shavu la buluu upande mmoja na la chungwa upande mwingine, nawe ukadhani ni tatizo la kamera.

Sasa sogeza meza karibu na dirisha moja, dirisha likae ubavuni mwa vitu, au nyuma kidogo ya ubavu. Usilipe mgongo dirisha ukiwa umeshika kamera, maana mwanga utatoka ulipo wewe na utafanya kazi ileile ya flashi. Mpiga picha Josef Sudek wa Prague alipoteza mkono wa kulia katika Vita vya Kwanza vya Dunia, akabeba kamera nzito maisha yake yote kwa mkono uliobaki. Miaka ya 1940 alianza kupiga picha kwenye dirisha la studio yake, na akaendelea kwa miaka mingi: glasi ya maji, yai, ua moja, kioo cha dirisha kilicholoa ukungu. Kila nikizitazama picha hizo naona mtu aliyekubali kusubiri mwanga umfikie pale alipo. Natamani uzitafute uzitazame taratibu, moja kwa siku.

Jua likiwa linapiga moja kwa moja, kivuli kitakuwa na ukingo mkali kama wa kisu. Tundika kitambaa cheupe chepesi dirishani na ukingo utalainika, kwa sababu sasa kitambaa kizima kimekuwa chanzo cha mwanga. Chanzo kikiwa kikubwa kuliko kitu, kivuli huwa laini; kikiwa kidogo, kivuli huwa kikali. Umbali nao unaingia humo humo: dirisha kubwa likiwa mbali ni chanzo kidogo.

Ikiwa unapiga usiku kwa taa moja, kumbuka mwanga hupungua haraka sana unaposafiri. Jagi likiwa nusu mita kutoka kwenye taa na ukuta wa nyuma ukiwa mita 1.5 kutoka kwenye taa hiyo hiyo, ukuta unapata sehemu 1 kati ya 9 ya mwanga unaolifikia jagi. Nyuma patakuwa giza bila wewe kununua kitambaa cheusi. Nilipolielewa jambo hili, niliacha kuhangaika na mandhari ya nyuma, nikaanza kuhangaika na umbali.

Upande wa giza ukizidi kuwa mzito, simamisha kadibodi nyeupe huko, irudishe mwanga kidogo. Isogeze na kuiondoa huku jicho likiwa kwenye jagi, utaona giza linavyopumua. Ila nakuomba ujaribu pia kadibodi nyeusi mahali hapohapo. Watu wengi hawafiki hapo. Nyeusi huzuia mwanga unaorushwa na kuta nyeupe za chumba, na umbo la kitu huchongeka ghafla. Kwa picha zako hizi, ningeanza na nyeusi.

Agosti 1930 mpiga picha Edward Weston alipiga picha ya pilipili hoho moja aliyoiweka ndani ya faneli ya bati. Alikuwa amepiga hoho nyingine nyingi kabla yake. Hii inajulikana kwa namba 30. Faneli iliipa hoho mandhari ya nyuma, na bati likairudishia mwanga kutoka pembeni, kiasi kwamba mikunjo yake inaonekana kama misuli ya mgongo wa mtu. Ni hoho tu, na hakuna kingine ndani ya fremu. Miaka miwili kabla, mwaka 1928, mpiga picha mwingine, André Kertész, alipiga picha ya uma ulioegemezwa kwenye ukingo wa sahani. Kivuli cha uma ule kina nafasi kubwa ndani ya picha kama uma wenyewe. Kifute, na hakuna picha tena.

Umesema pia chupa ya kioo katika picha ya tatu ilikushinda. Mimi nilihangaika na chupa siku nzima zamani, nikiimulika kutoka mbele na kuambulia madoa meupe, hadi nilipoelewa kwamba kioo hakimulikwi. Kioo kinaonyesha kilicho nyuma yake na pembeni mwake. Weka nyuma ya chupa karatasi nyeupe iliyomulikwa vizuri, kisha simamisha kadibodi nyeusi pande mbili za chupa, nje kidogo ya fremu. Kingo za chupa zitajichora zenyewe kwa mistari myeusi. Ukitaka kinyume chake, weka kitambaa cheusi nyuma na uache mwanga upenye pembeni mwa kitambaa hicho, kingo zitang'aa. Kijiko na birika la chuma ni hivyo hivyo: unapiga kile ambacho chuma kinakiona, ikiwemo sura yako.

Kamera yenyewe haina mengi. Iweke kwenye stendi ya miguu mitatu, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, tundu la lenzi f/8 au f/11 (namba ikikua, tundu linapungua), na utumie saa ya kuchelewesha ili kidole kisitikise. Ukifika sekunde mbili au tano za kuacha shata, mlango unaoingiza mwanga ndani ya kamera, wazi, usiogope, jagi halikimbii. Ukipita f/16 ukali wa picha huanza kupungua, kwa hiyo usikimbilie f/22 ukidhani ndiyo salama. Na usisogelee vitu mno. Rudi nyuma uvute kwa lenzi, utumie milimita 85 au 100 kama lenzi yako inafika huko, ili jagi lisivimbe kwa mbele.

Kuhusu mpangilio, anza na kitu kimoja. Jagi peke yake, mwanga, kivuli. Likikuridhisha ndipo uongeze peasi, na uangalie kivuli cha jagi kinaliangukia vipi. Katika picha ya pili uliweka vitu tisa, na hakuna hata kimoja kinachogusa kingine wala kukifunika. Vimesimama kama watu wasiojuana. Acha peasi lifiche kipande cha jagi. Acha pia eneo tupu, tena kubwa kuliko unavyodhani. Kila unapoongeza kitu, piga picha moja, ukiondoa piga nyingine, uzilinganishe baadaye. Na ufute vumbi kabla, maana mwanga wa ubavuni hausamehi vumbi.

Kesho, kama mawingu yatakuwepo, yatakusaidia. Chukua jagi lile lile, dirisha moja, kadibodi nyeusi. Piga mara kumi ukipunguza mwanga kidogo kila mara, na usifute hata moja. Kisha nitumie ile uliyotaka kuifuta kwa sababu umeona ina giza mno.

Nakupenda,
Mama yako