Meza ya Fundi: Betri Mbili, Waya Mmoja

SWALI: Fundi, assalaam alaykum. Mie ni mpishi katika hoteli moja hapa Nungwi. Huu mwaka wa kumi na moja navuta sigara, pakti nzima kwa siku, na kifua kimeanza kubana, nataka kuacha. Mwenzangu wa kazini aliachiwa vepu (sigara ya umeme) na mgeni, ile kubwa ya betri mbili, na ananiuzia kwa shilingi 150,000. Boksi lasema wati 200 na kwamba inadhibiti joto. Amenipa kwanza niijaribu. Nikiiweka kwenye joto inagoma, inarudi yenyewe kwenye wati. Nikiiacha kwenye wati, pamba inaungua na koo linawasha siku nzima. Ni mbovu? Nimlipe au nimrudishie? Nakuletea kwa dereva wa daladala ya 116 uitizame mwenyewe.
M.H., Nungwi

JIBU: Wa alaykumu salaam, mwanangu. Mzigo ulifika Jumatatu mchana, umeufunga vizuri kwa kitambaa cha jikoni, ila betri umeziacha ndani. Daladala ikijaa mizigo hukaliwa, na kitufe kingeweza kubanwa njiani na koili, ule waya uliosokotwa unaochemsha majimaji yaliyo kwenye pamba, ikawaka ndani ya kitambaa. Siku nyengine zitoe betri kwanza. Nimekaa na kifaa chako siku tano. Chombo chenyewe ni kizima, betri moja ni ya uongo, na koili iliyomo si ya kazi uliyoitaka. Hizo 150,000 usitoe.

Naanza na betri, kwa sababu hizo ndizo zinazoweza kukuumiza. Ni za saizi inayoitwa 18650, yaani upana milimita 18 na urefu milimita 65. Umeniletea moja ya zambarau na moja nyekundu, na hapo tu nilishaingiwa na wasiwasi. Nyekundu imeandikwa 9,800 mAh, kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi. Betri nzuri za saizi hii huwa kati ya 2,500 na 3,500, na zile zenye nguvu ya kutoa umeme mwingi kwa pamoja mara nyingi ni 2,500 hadi 3,000. Hiyo 9,800 ni wino wa kiwandani. Nilizichukua zote mbili kwa jirani yangu sonara, akaziweka kwenye mizani yake ya dhahabu: ya zambarau gramu 45, nyekundu gramu 31. Betri ya kweli ya aina hii hukaribia gramu 45 au zaidi kidogo. Kilichojaza nafasi iliyobaki ndani ya ile nyekundu sikijui, na sitaifungua nikuonyeshe.

Nikazichaji zote usiku mmoja, nikaziacha zitulie hadi asubuhi, nikapima volti kwa mita. Zambarau 4.18, nyekundu 4.02. Nikaitumia vepu kwa wati 40 kama nusu saa, navuta na kupumzisha, nikapima tena: zambarau 3.84, nyekundu 3.31. Hiyo tofauti ndiyo ugonjwa wenyewe. Katika kifaa chako betri zimefungwa moja nyuma ya nyengine, umeme unaopita kwenye hii ndio huo huo unaopita kwenye ile. Ni kama watu wawili wanaobeba gunia kwa mpiko. Mmoja akichoka gunia humwendea yeye, na mwenye nguvu anaendelea kusukuma mbele bila kujua mwenzake ameshapiga magoti. Betri dhaifu huvutwa chini ya kiwango inachostahimili, inapata joto, na mwisho wake huwa mbaya. Kwa hiyo zinunuliwe mbili siku moja, za aina moja, uziandike kwa kalamu 1 na 2, zichajiwe pamoja na zitumike pamoja hadi zife pamoja. Usimkopeshe mtu moja kwa ajili ya tochi.

Na tizama ganda lake. Ya zambarau imechanika karibu na kichwa, upana wa kucha. Watu hudhani lile ganda la plastiki ni pambo. Sivyo. Mwili mzima wa betri hii ni upande wa hasi, mpaka ukingoni mwa kichwa, na chanya ni kile kitufe cha katikati tu. Ganda likichanika hapo, kipande chochote cha chuma kinaunganisha pande mbili. Nina kovu kwenye paja la kulia, refu kama kidole. Nilitia betri ya tochi mfukoni pamoja na funguo za duka, nikatoka kwenda msikitini, na kabla sijafika suruali ilikuwa inatoa moshi. Tangu siku hiyo betri zangu hulala kwenye kiboksi cha plastiki, nami nakuomba ununue kimoja kabla ya kitu chengine chochote.

Kifaa kama chuma sina malalamiko nacho. Mlango wa betri unafunga kwa nguvu, matundu ya kutolea gesi yapo chini na hayajazibwa, alama za chanya na hasi zinasomeka. Visahani vya shaba vinavyogusa betri vilikuwa na kutu ya kijani, kama kila kitu kinachoishi karibu na pwani ya Nungwi. Nimevisafisha kwa spiriti na kijiti cha pamba. Fanya hivyo kila mwezi.

Sasa hilo joto. Humo ndani hamna kipimajoto. Kifaa kinakisia joto kwa kupima ukinzani wa waya, yaani jinsi waya unavyouzuia umeme kupita, ambao hupimwa kwa omu, kwa sababu kuna madini ambayo ukinzani wake hupanda yakipata moto. Nikeli hupanda sana, titani hupanda wastani, chuma cha pua hupanda kidogo lakini cha kutosha. Koili ya chuma cha pua yenye omu 0.40 ikiwa baridi hufika kama 0.47 kwenye nyuzi 220. Kifaa kinaona hiyo 0.07, kinajua joto limefika, kinapunguza umeme. Waya wa Kanthal, ambao ndio umo kwenye koili nyingi za dukani, haupandi kiasi cha kuonekana. Baridi ni 0.40, moto ni 0.40. Tangi lako lina koili ya Kanthal. Kifaa kinauuliza waya "umepata moto kiasi gani?" na waya haujibu, basi kinarudi kwenye wati. Mwanangu, hicho hakikugoma, kimekataa kubahatisha.

Nikatia koili ya chuma cha pua niliyoisokota mwenyewe, nikachagua SS (yaani chuma cha pua) kwenye menyu, nikakiacha kwenye meza saa nzima kipoe sawa na chumba, ndipo nikafunga omu, yaani nikakiagiza kifaa kishike kipimo hicho kuwa ndicho cha baridi. Hapa ndipo wengi wanapokosea, nami nakusihi usikosee. Ukifunga omu koili ikiwa bado ya moto, tuseme inasoma 0.44, kifaa kitaamini kwamba hiyo 0.44 ndiyo baridi. Utaweka 220 na kioo kitaandika 220, lakini waya utapita 300. Pamba itaungua mbele ya macho yako na utamlaumu aliyekuuzia.

Kisha nikafanya jaribio ambalo mnunuzi yeyote aombe afanyiwe: pamba kavu kabisa, haina hata tone la majimaji, joto nyuzi 200, bonyeza kitufe hesabu hadi tano. Kioo kiliandika kwamba joto limefika, wati zikashuka kutoka 40 hadi chini ya 10. Nikaitoa pamba kwa kibano. Nyeupe, na mstari mmoja wa manjano hafifu pale ilipogusa waya. Nikarudia mara tatu, ikawa vile vile. Kama ingetoka ya kahawia, ningekwambia mrudishie mwenyewe leo leo. Jaribio hilo usilifanye kwenye hali ya wati, pamba itashika moto.

Koo lako liliwasha kwa sababu hiyo. Ulikuwa unavuta pamba iliyokauka. Majimaji hayo ni propilini glikoli, inayochemka nyuzi 188, na glisirini, inayochemka 290. Yakiwepo ya kutosha yanaupoza waya. Yakiisha, joto linaruka, na majimaji yaliyochomwa kupita kiasi hutoa sumu kama fomalidehaidi na akrolini. Weka kati ya 200 na 220, usiende juu zaidi. Nikeli na titani viache. Titani ukiichoma hadi iwe nyekundu hutoa unga mweupe ambao hupaswi kuuvuta.

Wati 200 zisahau. Betri mbili zikikaribia kuisha zina kama volti 6.4 kwa pamoja, na kupata wati 200 hapo ni zaidi ya ampea 31 kwenye kila betri. Betri nyingi nzuri huishia 20. Wewe utatumia 40 au 50, na hapo ni ampea 6 hadi 8, kazi ambayo betri ya kweli huifanya bila kutoka jasho.

Mpe mwenzako 60,000 kwa chombo kitupu. Zilizobaki nunua betri mbili mpya kwa mtu unayemwamini, na chaja ya nje yenye nafasi mbili. Ile tundu ya waya wa kuchajia iliyo ubavuni mwa kifaa iachie dharura. Betri nyekundu nimebaki nayo hapa. Sikurudishii.

Na moja la mwisho, kwa kuwa umeniambia unataka kuacha. Mvuke huu si hewa ya bahari, nikotini imo na mazoea yatabaki. Faida utaipata ukiitupa sigara kabisa. Ukivuta vepu jikoni na sigara nje, kifua chako hakitaona tofauti kubwa. Nataka sana ufanikiwe, niandikie baada ya mwezi.

SWALI: Fundi, nimefungua betri ya laptopu ya zamani nikapata betri sita ndogo, saizi ile ile ya 18650. Naweza kutia mbili kwenye vepu yangu ya betri mbili?
Kijana wa Chake Chake

JIBU: Usitie. Saizi ni moja lakini kazi ni mbali. Betri za laptopu zimetengenezwa kutoa umeme taratibu kwa saa nyingi, na nyingi zao hazipaswi kutoa zaidi ya ampea 4 au 5. Vepu itazidai 8 au 10 kwa mara moja, tena zimeshazeeka.

Hizo sita si takataka, lakini. Katika giza lile la Disemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja nzima haina umeme, nilitengeneza taa za nyumbani kwa betri kama hizo hizo. Taa ndogo ya LED inataka chini ya nusu ampea, inaweza kuwaka hadi alfajiri. Wanangu walisoma kwa taa zile miezi mitatu. Zipime kwanza: iliyo chini ya volti 2.5 usijaribu kuifufua.

SWALI: Fundi, mwanangu wa miaka 22 amerudi kutoka Dar na sigara ya umeme na vichupa vya majimaji vyenye harufu ya stroberi. Kimoja kimeandikwa 50 mg. Mjukuu wangu ana miaka miwili na kila kitu anatia mdomoni. Je, ni hatari?
Bibi, Wete

JIBU: Shikamoo Bibi. Ni hatari, na umefanya vyema kuuliza kabla. Hiyo 50 mg ni nikotini iliyomo katika kila mililita moja. Kichupa cha mililita 30 kina miligramu 1,500, na mtoto wa miaka miwili anaweza kuugua vibaya kwa kunywa kidogo sana. Harufu ya tunda ndiyo inayomwita. Hata ikimwagika kwenye ngozi huingia mwilini, ioshwe kwa maji mengi na sabuni.

Akionekana anatapika, amepauka, anatoka jasho au amelegea, au ukikuta kichupa wazi tu na mdomo wake unanukia stroberi, usimtapishe na usimpe maziwa kusubiri kuona. Mpeleke hospitali ya Wete hapo hapo, na kichupa ukichukue mkononi ili daktari asome namba.

Na mwambie mwanao jambo jengine: majimaji ya 50 mg ni ya vile vifaa vidogo vya wati chache. Akiyatia kwenye kifaa kikubwa cha betri mbili atavuta nikotini nyingi kuliko alivyokusudia. Watu wa vifaa vikubwa hutumia 3 au 6.

Vichupa na betri vikae pamoja kwenye sanduku lenye kufuli, juu ya kabati, na ufunguo uwe kwako Bibi, si kwake. Leo usiku, kabla mtoto hajaamka.