Mnaoanza kusoma mfumo wa uzazi, msikariri kama nilivyokariri mimi

Wadogo zangu mlioingia diploma ya uuguzi na ukunga mwaka huu, hii topiki inadanganya, wiki ya kwanza darasa zima linacheka cheka kila mtu anajiona anaijua, subirini mtihani wa spoti, ule wa kutambua viungo vilivyowekwa alama, muone.

Mimi nilipiga msuli wa kukariri. Yai linatoka siku ya 14, basi, nikapata maksi zangu safi nikaenda fildi kichwa juu. Kliniki ya uzazi wa mpango mama mmoja akaniuliza, nesi, siku zangu za hatari zipi? Nikajibu fasta, ya 14 mama. Sista aliyekuwa ananisimamia hakunigombeza, akamuuliza tu mama mzunguko wako siku ngapi, akasema 35. Sista akaenda kwenye kalenda ya ukutani akarudi nyuma siku 14 kutoka hedhi inayofuata, kidole kikasimama kwenye siku ya 21 hivi. Nilitamani sakafu inimeze.

Kumbe nusu ya pili ya mzunguko ndo haibadiliki sana, ni kama siku 14 kwa wengi, sababu kile kifuko kilichobaki kwenye ovari baada ya yai kutoka kinatoa homoni ya projesteroni kwa muda wake kisha kinanywea, hedhi inakuja. Inayorefuka na kufupika ni nusu ya kwanza. Halafu yai linaishi masaa 12 mpaka 24 tu, ila mbegu zinaweza kukaa mle ndani hadi siku 5, kwa hiyo hatari inaanza kabla yai halijatoka. Na kama mzunguko unaruka ruka, hiyo hesabu usimuachie mama aitegemee peke yake.

Kingine ni michoro. Kitabuni mji wa mimba umesimama wima na mirija imetandazwa kama mikono ya mtu anayepigwa picha, wakati kwa wanawake wengi umeinama mbele juu ya kibofu. Uchoreni kwa ubavu, au ufinyangeni kwa unga wa chapati, mimi ndo nilivyoelewa. Na mrija wa mkojo unaotoka figo unapita chini ya ateri ya mji wa mimba, maji chini ya daraja, msiusahau huo, maana daktari anayetoa kizazi akikosea hapo anaweza kuufunga au kuukata.

Upande wa wanaume watu wanapita mbio, sijui aibu. Chukueni hili moja: mbegu inachukua kama miezi miwili na nusu kutengenezwa, na korodani zinataka ubaridi wa digrii 2 hadi 3 chini ya joto la mwili. Baba aliyeumwa homa kali mwezi uliopita akipimwa leo majibu yakawa mabaya, usikimbilie kumwambia ana tatizo la uzazi, mwambie arudi apime tena baadae.

Halafu kila jina la kizungu liwekee Kiswahili chake siku hiyohiyo, shingo ya kizazi (seviksi), kondo la nyuma, tezi dume. Mimi nilishawahi kumwambia mama tunataka kuangalia seviksi yake, akafungua mkoba akasema hiyo hajapewa, yeye alipewa kadi tu.