Maswali na Majibu: Kumshuhudia Kristo Sokoni, Ofisini na kwa Jirani

Maswali ya safari hii yametoka kwa wasomaji wa Dodoma mjini na Bahi. Nimeyafupisha bila kubadili maana.

Ninauza mboga Majengo. Wateja wakinisikia nikiimba tenzi huniuliza habari za wokovu, lakini mimi sikusoma Biblia kwa kina. Niwajibu nini?

Wajibu lile unalolijua. Yule mtu aliyezaliwa kipofu katika Yohana sura ya 9, alipobanwa na Mafarisayo aeleze habari za aliyemponya, hakujitia ualimu. Alisema tu kwamba alikuwa kipofu na sasa anaona, na hoja hiyo hawakuweza kuipangua. Usilolijua, kiri kwamba hulijui, ukamuulize mwinjilisti wako, kisha umpe mteja jibu atakaporudi kununua mchicha. Ningeongeza jambo moja, ambalo sokoni si dogo: fungu lisiwe bichi juu na kunyauka chini, maana mteja hulipima fungu kabla hajausikiliza wimbo.

Mimi ni mkuu wa kitengo katika ofisi moja ya serikali huko Mtumba. Je, nitakosea nini nikiwaalika watumishi walio chini yangu kwenye maombi ya asubuhi, nusu saa kabla ya kazi?

Nia yako ni njema, lakini mwaliko wa mkuu huwa hausikiki kama mwaliko. Kijana anayesubiri kuthibitishwa kazini, au mama anayeomba ruhusa ya kumpeleka mtoto hospitali, atakuja kwenye maombi yako akihesabu faida na hasara, na wewe hutaweza kujua ni nani aliyekuja kwa ajili ya Mungu na ni nani aliyekuja kwa ajili ya sahihi yako. Ibara ya 19 ya Katiba yetu inampa kila mtu uhuru wa imani, na kazi ya kueneza dini inaitaja kuwa huru na ya hiari ya mtu binafsi. Hiari hiyo inakulinda wewe unayetaka kusema, na inamlinda vilevile asiyetaka kusikia. Nionavyo mimi, maombi hayo yaongozwe na mtu wa ngazi ya kawaida, yafanyike nje ya jengo la ofisi, na wewe ukihudhuria ukae nyuma kama wengine, bila kuuliza baadaye kwa nini fulani hakuonekana.

Ushuhuda wako mkubwa hapo ofisini uko mahali pengine kabisa. Uko katika orodha ya posho za safari unayoipitisha, katika namna unavyogawa safari hizo kati ya waumini wenzako na wasio waumini, na katika siku unapokosea mbele ya watu ukaomba radhi mbele ya watu hao hao. Mtume Petro anawataka waumini wawe tayari kumjibu kila awaulizaye habari za tumaini lililo ndani yao, tena wajibu “kwa upole na kwa hofu”. Agizo hilo linamtanguliza muulizaji. Mkuu ambaye hajawahi kuulizwa chochote na watumishi wake ana la kujichunguza.

Jirani yangu hapa Chang'ombe ni Mwislamu, nasi hualikana futari na Krismasi. Je, nikinyamaza kuhusu Yesu nakuwa nimemwonea haya Bwana?

Si lazima. Mtu unayekula naye sahani moja anakujua, na yaelekea siku moja atakuuliza kwa nini unaamini unavyoamini. Hapo useme wazi, bila kuficha kwamba kwako Yesu ni Mwana wa Mungu, na bila kuikejeli dini yake. Kisha nawe umuulize, usikilize mpaka mwisho. Ila usiweke kijarida chini ya sahani ya pilau. Chakula ulichompa kikigeuka chambo, hata ukarimu wa miaka iliyopita ataanza kuutilia shaka.

Nihubiri ndani ya mabasi ya Dar es Salaam pale stendi?

Omba ruhusa kwa kondakta, sema dakika chache, usipitishe kofia.

Ninasoma chuo kikuu hapa mjini. Bibi yangu wa Bahi husema dini hii ni ya wasomi wa Kiswahili. Nifanyeje?

Bibi ana hoja, nawe usiipuuze. Wamisionari wa CMS, chama cha misheni cha Kianglikana kutoka Uingereza, waliofika Mpwapwa katika miaka ya 1870 walilazimika kujifunza Kigogo, na Neno la Mungu limetafsiriwa katika lugha hiyo. Hata leo kwaya za vijijini humwimbia Mungu kwa Kigogo, kwa sauti na mapigo ambayo bibi aliyajua kabla hujazaliwa. Likizo ijayo usimpelekee maneno ya darasani. Mwamkie “mbukwenyi”, kaa naye akichambua mlenda, umsomee mfano wa mpanzi kwa Kigogo, kidogo kidogo. Mtu aliyelima mtama na uwele katika ukame wa kwetu huenda akakueleza habari za mbegu iliyoanguka penye miamba vizuri kuliko mhadhiri wako. Akianza kukueleza, usimkatize.