Re: lenzi moja ya bei nafuu kwa kamera ya Nikon D3400

Salaam ndugu yangu, umesema kwa lenzi yako ya 18-55 mm majahazi yanatoka kama vidoti ukiwa Shela na hutaki kubeba lenzi mbili. Chukua lenzi ya 18-140 mm ya mtumba, inavuta mbali zaidi, ndo ninayotembea nayo hapa Lamu, asubuhi punda vichochoroni jioni majahazi na sifungui kamera kabisa kubadili lenzi, mchanga wa Shela ukiingia ndani utajuta. Ila lenzi yoyote ya Nikon kwanza angalia imeandikwa AF-S au AF-P, yaani ina mota yake ya fokasi, maana D3400 yenyewe haina, ile AF tupu fokasi utazungusha kwa mkono. Halafu imulike na tochi ya simu, ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui hiyo kuvu, unyevu wa pwani huo, mwachie mwenyewe. Yangu ya kwanza nilinunua usiku kwa pupa, kuvu nikaiona kesho yake.